Ndoo ya Matofaa ya Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi
Bwana afya amekuja ghalani. Kalamu tatu mfukoni. Amepekua kreti zote, hakupata tofaa bovu hata moja – angelipata wapi? Miaka arobaini nauza matunda, hakuna mteja aliyewahi kunirudishia. Aulize soko zima.
Akaiona ndoo ya matofaa yaliyoharibika, pembeni. Ya nini hiyo, mzee? Ya nyumbani, nikamwambia. Penye ukungu nakata, pazima tunakula. Akasema ukungu ukionekana, sumu imeshatembea ndani. Haina rangi. Hata uchemshe haifi. Nikamwambia pua yangu ilianza kazi baba yake hajaota ndevu. Akacheka, akaandika kitu.

Jumatano, 5 Machi
Mama watoto ametapika tena. Meno hana, vigumu haviwezi. Namkamulia juisi mwenyewe, glasi asubuhi, glasi jioni, tangu aanze kuumwa tumbo mwaka jana. Simwachii mtu kazi hiyo. Anasema hakuna mkono kama wangu. Kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Binti yetu amekuja. Anapika hospitali, basi anajiona daktari. Moja kwa moja jikoni, akainusa ndoo.
– Baba, wateja unawapa haya?
Nikawaka. Mteja wangu simpi kitu kibovu, nife leo.
– Kumbe anayepewa ni mama.
Akaenda kuimwaga shimoni. Tumenuniana mpaka alipoondoka. Ndoo yangu, nyumba yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepasua tofaa zima, zuri, la kuuza. Nje linang'aa. Katikati, penye mbegu, ukungu wa kijivu. Pua haikusema kitu. Nikapasua la pili. La pili zima. Sikupasua la tatu.
Nimekaa nakumbuka lini nilimpa mama watoto tofaa lisilokatwa. Siku ya posa, nilimpelekea sita. Baada ya hapo sikumbuki. Yeye hakuwahi kuuliza.

Jumatatu, 10 Machi
Tumemlaza hospitali. Maji yamemwisha mwilini. Daktari anasema tumbo lilikuwa na ugonjwa wake toka zamani. Nikamweleza habari ya ndoo, yote, sikuficha. Nikamuuliza, ni mimi? Akasema hawezi kusema ni matofaa, hawezi kusema siyo. Nikamwomba aseme moja. Mzee wangu, siwezi, akasema.
Binti alikuwepo, akawa anamnyooshea mama yake shuka. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 11 Machi
Daktari ameruhusu anywe kidogo kidogo. Nimechagua matofaa manne ya juu kabisa. Nimemenya, nimepasua, nimeangalia kila kiini kwenye mwanga. Nimekamua. Binti ameonja kwanza, akatikisa kichwa kwamba sawa.
Mama watoto amekunywa funda moja. Akasukuma glasi.
– Hii umenunua wapi?
Nimekamua mwenyewe, nikasema.
– Acha uongo, baba watoto. Yako naijua, ina ukali wake. Niletee ile yako.
Hajui. Hakuna aliyemwambia. Binti ameniangalia, kisha akachukua chupa ya maji akatoka, na chupa ilikuwa imejaa. Ameniachia mimi.
Nimekaa hapa kwenye kiti, glasi iko sakafuni. Najifanya naandika jambo la maana. Ameuliza naandika nini. Nimesema, nakuja, namalizia. Midomo yake imekauka. Anasema ile ndiyo imemweka hai mpaka leo, na mkono ameunyoosha apewe. Naweka kalamu chini.