Rampu Juu ya Kabati

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Mtaani anaitwa Dereva.
Umri: Miaka 61
Kazi: Kufuma sweta za shule kwa mashine ya mkono, nyumbani
Makazi: Nyumba ya kupanga, chumba na sebule, mkabala na mashine ya kusaga nafaka

Ninayesema hapa ni mimi mwenyewe, akili zangu timamu. Nimeambiwa kwamba nikidanganya nitawajibika. Sina sababu ya kudanganya. Ninatumia kiti cha magurudumu tangu miaka minne iliyopita, baada ya kuumia uti wa mgongo. Jina la Dereva nilipewa na jirani yangu, marehemu, fundi wa saa na simu, kwa sababu ya hicho kiti. Mimi nilimwita Fundi. Mlango wake na wangu inatazamana, katikati pana uwanja wa saruji wa hatua kumi na mbili za mtu mzima. Asubuhi wapangaji wengine wote huenda kazini, tunabaki yeye na mimi.

Afisa ameniuliza kwa nini sikumsaidia mapema wakati nilikuwa namwona. Ili nijibu hilo lazima nianze na rampu, ule ubao wa mteremko wa kupitishia kiti mlangoni.

Mlango wangu una kizingiti. Kwa ndani kinapanda vidole vitatu, kwa nje kinashuka sentimita kumi na moja. Mwenye nyumba alikataza tusijenge mteremko wa saruji, akasema nyumba yake si hospitali. Kwa hiyo mwaka jana, mnamo tarehe 6 mwezi wa tatu, mimi na binti yangu tulikwenda duka la vifaa vya wagonjwa kutafuta rampu isiyojengwa. Muuzaji alituuliza kimo cha kizingiti, tukamtajia cha ndani tu. Akacheka, akasema watu wote hupima upande wanaokaa na kusahau upande wanaokwenda. Binti akarudi nyumbani na futi akapima tena. Muuzaji akatueleza kwamba kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita kumi na mbili za urefu, la sivyo utapanda kwa kusukumwa na kushuka kwa kuomba Mungu.

Zilikuwepo za aina mbili. Moja ya raba, vipande viwili vizito, kimoja cha ndani kimoja cha nje, ukishaviweka vimekaa. Nyingine ya alumini, inakunjwa na ina mkono wa kubebea kama sanduku la safari. Mimi nilitaka ya raba. Binti akataka ya alumini, kwa kuwa ni nyepesi, na siku tukihama tutahama nayo. Muuzaji akamuunga mkono, akasema hata mtoto anaibeba. Hakuna aliyeuliza kama mimi naibeba. Niliona binti amekwishaikumbatia, nikanyamaza nisimvunje moyo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi methali hiyo nimeisema kwa watu wengi.

Miezi sita nilikuwa mtu. Nilikwenda dukani mwenyewe, nilipeleka sweta shuleni mwenyewe, nilivuka uwanja kucheza drafti na Fundi na kumfunga, ingawa yeye alikuwa hakubali. Kisha mwezi wa tisa, siku ya mvua, gurudumu liliteleza pembeni nikaanguka, nikavunjika kifundo cha mkono. Tangu siku hiyo binti akitoka kwenda kiwandani saa kumi na mbili na nusu asubuhi huikunja rampu na kuiweka juu ya kabati. Mlango huniachia wazi nipate hewa. Nilifoka, nilinuna, nilikataa kula. Akaniambia, "Mama, nikijua uko ndani nafanya kazi kwa amani." Nilijikaza kisabuni nikarudi kwenye mashine yangu.

Mnamo tarehe 19 ya mwezi huu, siku ya Jumatano, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa nafuma mkono wa sweta. Fundi alikuwa amesimama juu ya stuli uwanjani, anafunga waya wa kuanikia nguo uliokatika. Nilimwambia stuli ile ina mguu mmoja mgonjwa. Akasema mguu mmoja mgonjwa si neno, angalia wewe una miwili na bado unanifunga drafti. Nilicheka. Stuli ikapinduka naye. Aliangukia ukingo wa saruji kwa ubavu na hakuinuka.

Nilifika mlangoni mara moja. Niliita kwa nguvu zangu zote. Ng'ambo ya ukuta mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, uwanjani tuliweza kusikizana, lakini walio kando yake wasingesikia kitu. Simu yangu ilikuwa kwake tangu jana yake, nilimpa abadilishe kioo. Ilikuwa juu ya meza yake ya kazi, barazani kwake, pamoja na ya kwake.

Nilijaribu kuvuka kizingiti. Vigurudumu vidogo vya mbele vikagoma. Nikarudi nyuma nikajaribu kwa mwendo, kiti kikataka kunimwaga. Nikaenda kwenye kabati na fagio kuivuta rampu. Nilivuta boksi la nyuzi, nikavuta blanketi, na rampu nikaisukuma mpaka ukutani, ikawa mbali zaidi ya mwanzo. Nilipiga lile kabati kwa fagio mpaka fagio likavunjika. Andika hilo pia.

Nikarudi mlangoni. Fundi alikuwa ananitazama. Akasema, "Dereva, tulia. Ukianguka na wewe, nani atatuokota?"

Saa nne kamili simu yangu ilianza kuita mezani kwake. Ni binti, hunipigia kila siku saa hiyo ya mapumziko kunijulia hali. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Sote wawili tuliisikia na hakuna aliyeweza kuigusa. Saa nne na nusu ikaita kwa mara ya mwisho. Baadaye binti aliniambia alidhani nimelala.

Nilikaa mle mlangoni nikimwongelesha. Nilimwambia habari za sweta, nilimkumbusha michezo aliyoniibia kete. Mwanzoni alijibu. Kisha akawa anajibu kwa kichwa. Niliogopa, afisa. Watu watasema kwa nini sikujitupa tangu mwanzo. Niliogopa kuanguka, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa naambiwa kila siku kwamba nitaanguka.

Saa tano hivi hakujibu hata kwa kichwa. Hapo nikajishusha kutoka kwenye kiti, nikapita juu ya kizingiti kwa tumbo. Nje niliangukia bega. Nikajivuta kwa viwiko. Sijui dakika ngapi. Nilipomfikia nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi. Akafumbua macho akaniambia, "Leo umekuja bila gari." Hakusema tena neno jingine kwangu.

Nikajivuta hadi barazani kwake, nikavuta kitambaa cha meza, saa na simu zote zikaniangukia. Nilimpigia binti saa tano na dakika ishirini na tano. Dakika ishirini baadaye alifika na wenzake kwa gari la kiwandani, wakambeba hadi hospitali. Fundi alifariki saa tisa alasiri. Daktari alisema damu ilivujia ndani, na kwamba saa moja au mbili zingemfaa.

Afisa ameniuliza kama nilifungiwa. Hapana. Mlango ulikuwa wazi muda wote. Ameniuliza kama nina ugomvi na binti yangu au ninataka ashtakiwe. Hapana. Amelia kuliko mimi. Ndiye aliyenisafisha viwiko na kuvifunga bandeji.

Ameniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Binti sasa ana hofu mara mbili, kwa sababu ameona ninaweza kutambaa. Leo alichukua ruhusa ya nusu siku ili anilete hapa. Alipokwenda kutafuta gari aliikunja rampu akairudisha juu ya kabati, na wakati wa kutoka akaishusha. Mchana anarudi kiwandani. Ninaomba polisi wamwambie aiache chini. Akisikia kwangu ni ubishi wa mama. Akisikia kwa mtu mwenye sare labda atasikia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya, na mengine sikuyafanya. Nimesomewa, ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimeandika maelezo haya mimi mwenyewe kwa lugha ambayo shahidi anaifahamu, kuanzia saa nne na robo hadi saa sita na dakika kumi. Ana michubuko kwenye viwiko vyote viwili. Kifo kimechukuliwa kuwa cha ajali, hakuna mtuhumiwa. Kuhusu ombi lake la mwisho, nimemfahamisha shahidi kwamba ni suala la kifamilia na haliko ndani ya uwezo wa kituo. Amerudishwa nyumbani na bintiye saa sita na nusu mchana.