Niachie Windows Yangu

Mwanangu,

Maelezo yako nimeyasoma yote. Windows ndiyo inayowindwa zaidi na virusi kwa kuwa watumiaji wake ni wengi, Mac nayo si kinga kamili, na Linux, mfumo usiosumbuliwa sana na virusi, ingemfaa mzee kama mimi. Nimekuelewa.

Ila kirusi kikiingia, unanipigia: "Baba, umebonyeza nini tena?" Kisha unaingia kwenye kompyuta yangu kutoka huko uliko, nami natazama mshale ukitembea wenyewe, nikijua ni mkono wako. Tangu mama yako atutoke, hakuna mwingine anayegusa kitu humu ndani.

Jirani aliwekewa Linux na mwanawe. Kompyuta yake haijaugua hata siku moja, na mwanawe hajapiga simu.

Niachie hii hii. Halafu jana kuna kitu nilibonyeza.

Ni mimi, baba yako