Sili Haikuwa na Kosa

Iyunga, Mbeya

Baba, shikamoo.

Natumaini mguu umepungua maumivu na mama analala vizuri. Mimi ni mzima, ila nina uchungu moyoni na sitauficha.

Lori limepona. Unakumbuka mzee Salumu, rafiki yako na bosi wetu, alipokupigia simu kwamba mdogo wangu Hamisi hajui kufunga sili ya kuzuia oili kwenye ekseli ya nyuma? Kwamba kila akifunga mpya, safari moja tu ya Makongolosi oili inavuja tena, inalowesha breki, na ipo siku atamuua dereva? Dereva mwenyewe ni mimi, baba. Hukuniuliza. Alipomfukuza, ulimpokea Hamisi stendi hapo Iringa, ukamnyang'anya zile spana ulizompa mwenyewe alipohitimu ufundi, ukazifungia kabatini.

Baada yake wamekuja mafundi wengine wa kusifiwa, na sili ikavuja vilevile. Juzi nikanunua nyingine Mwanjelwa. Fundi alipolegeza kifuniko cha kujazia oili kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, hewa ikatoka kwa nguvu, oili ikamrukia kifuani. Akashangaa hewa hiyo imebanwa na nini. Tukakwangua tope juu ya difu, pale penye kitundu cha kupumulia. Kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa tyubu, umekazwa barabara. Hewa ya ndani ikipata joto ilikosa pa kutokea, ikawa inaisukuma oili ipite kwenye sili.

Nikampelekea mzee Salumu ule mpira. Hata hakushtuka.

"Nilifunga mimi masika yale, maji ya mtoni yasiingie," akasema. "Kwani kuna nini? Gari si limepona? Kapakie."

Nikamuuliza, "Na Hamisi?"

"Huyo si yuko kwao."

Nilipakia, baba. Nimekwenda na kurudi, gurudumu kavu. Lakini njia nzima nilikuwa nikimwaza yule kijana anayebeba matofali hapo Iringa kwa neno la mtu ambaye hatakupigia simu ya pili.

Msalimie mama, sweta aliyonifumia inanifaa kwa baridi ya huku. Msalimie na shangazi Zuhura wa chumba cha uani, maana ndiye peke yake aliyemtetea Hamisi.

Mpira wenyewe nimeukunja ndani ya bahasha hii. Sikuuosha. Ukishaushika, fungua kabati.

Ni mimi mwanao mkubwa,
Rajabu