Nailoni Sita za Kidonda Changu

Jumanne, Kimandolu

Eti amesaini! Shemeji, kaka wa marehemu mume wangu, amesaini fomu mguu wangu ukatwe, bila hata kuniuliza. Leo kaja na soda mbili kunipa habari, kana kwamba amenikatia tiketi ya basi.

"Mama Anande, ukoo umekaa, umeamua," akasema. "Sukari haina mchezo."

Haina mchezo, na soda kaileta yeye.

Kwani ukoo ndio unaotembelea mguu huu?

Kila wiki nesi huweka nailoni safi juu ya kidonda na kuchora ukingo wake kwa kalamu. Ndivyo anavyojua apake kiasi gani cha ile dawa ya kuotesha nyama, aliyonitumia Anande kutoka ng'ambo. Inakaa kwenye friji ya jirani, maana haitaki joto. Nailoni ninazo sita chini ya godoro. Nilizitoa, nikazipanga moja juu ya nyingine mbele ya shemeji. Mchoro wa kwanza ni mkubwa kama yai. Wa leo umeingia ndani yake, na nafasi imebaki.

Alizishika dirishani muda mrefu. Alipoinuka nikamrudishia soda zake.

Naogopa, sikatai. Sukari ya asubuhi ilikuwa juu, na dawa imebaki tyubu moja. Huenda siku moja mguu ukakatwa kweli.

Lakini siku hiyo fomu nitaisaini mimi.