Kumpeleka Mama Namugongo

Jumapili, 11 Mei

Misa ya kwanza, kisha mkutano wa mahujaji wa Namugongo nje ya kanisa. Ukungu hadi karibu mchana. Katekista amerudia yale yale: msitegemee kulala kitandani, msitegemee kukaa karibu na altare, msitegemee choo bila foleni. Kila mtu abebe blanketi, kofia na uvumilivu. Siku ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda misa inasomwa nje, kando ya ziwa, kwa sababu basilika haliwezi kuumeza umati ule. Wengi hurudi bila kuingia ndani. Nimewahi kwenda, najua yote haya. Nilikuwa nawaza maharage yangu.

Kurudi nyumbani nikamkuta mama uani. Anataka kwenda na sisi.

Jumatatu, 12 Mei

Bado siamini. Mama ni Mlutheri wa kuzaliwa. Siku niliyofunga ndoa na Gaspari kwenye kanisa lao Katoliki, ambalo sasa ni langu, mama alibaki nyumbani kwake akipukuchua mahindi. Hatukugombana. Anakula kwetu, amenilelea watoto, Gaspari anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Ila mlango wa kanisa letu hajaukanyaga. Hata ubatizo wa wajukuu alituachia wenyewe.

Kilichombadilisha ni katekista. Walikutana njiani, akamweleza kwamba kati ya mashahidi waliochomwa moto Namugongo walikuwamo Waanglikana pia, si Wakatoliki peke yao. Mama akasema, kumbe walikufa pamoja. Basi, kesho yake yuko uani kwangu.

Nataka aende. Nataka nimwone ndani ya kanisa langu japo mara moja, yeye akiwa hai na mimi nikiwa hai. Naogopa pia. Namjua. Anaweza kufika mlangoni akageuka, na safari hii nitakuwa nimesimama pale nikimtazama.

Jumanne, 20 Mei

Hati ya mama ya kusafiria imetoka. Jioni nimemfundisha. Ukaguzi getini, foleni, jua, usiniachie mkono. Akauliza kama anakwenda jela. Maswali yake yalikuwa mawili tu: kuna mahali pa kuinjika makande, na je, watamlazimisha kupiga magoti? Nikamwambia hakuna atakayemlazimisha. La makande nimelikwepa.

Ijumaa, 23 Mei

Nina hasira hata kalamu inakwaruza.

Msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kusafisha mfereji, umepangwa tarehe 31, kaya zote za hapa Mhezi, kila kaya na kipande chake. Siku hiyo tutakuwa njiani. Mama, kwa umri wake, alisamehewa kazi hiyo zamani. Lakini hajawahi kukosa, na hataki ionekane amekimbilia Uganda kukwepa jembe. Leo asubuhi ameteremka peke yake kuanza kipande chake mapema. Ameteleza. Kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi.

Zahanati wanasema hakijavunjika. Apumzike. Gaspari anasema tumwache, tutakwenda naye mwakani. Mwakani ni ya nani? Nimemjibu vibaya, nikaenda kukata majani ya ng'ombe bila kuaga.

Jumatano, 28 Mei

Mguu umepungua kidogo. Hawezi kwenda mbali.

Leo wanawake wa usharika wake wamemalizia kipande chake. Hakuna aliyewaomba. Kisha wakapita kwake na matope yao miguuni, wakaimba, wakamwombea safari. Mmoja alimkanda mguu. Nilidhani watamsema kwa kwenda kwa Wakatoliki. Wamemtuma awaletee maji ya Namugongo. Nimeingia jikoni nikalia kidogo, nikatoka na chai.

Anakwenda. Gaspari amemchongea fimbo.

Ijumaa, 30 Mei

Same mjini. Joto la huku chini ni adhabu kwa mtu wa mlimani. Basi la kukodi linaondoka alfajiri. Mama amekaa juu ya mzigo wake, ananusa upepo, anasema huku watu wanaishi kwenye tanuri. Ndani ya mzigo nimehisi sufuria.

Jumatatu, 2 Juni

Namugongo. Mgongo umekufa. Tumetandika turubai kwenye nyasi kati ya Wakenya na kundi lililotembea kwa miguu kutoka mbali, nyayo zao sitaki kuzitazama. Mama ameshagawa makande. Lugha ya wale waliotembea hatuijui, lakini wamerudisha bakuli tupu na wamecheka. Mguu umevimba tena kwa sababu ya basi.

Jumanne, 3 Juni

Sijawahi kuona watu wengi hivi. Misa kando ya ziwa, sisi mbali kabisa, askofu ni doa jeupe. Mama alikaa kwenye kigoda muda wote. Wimbo mmoja aliujua tuni, akauimba kwa Kipare, kwa sauti, bila aibu. Nikamfuata.

Mchana tulijaribu basilika. Foleni haisogei, mguu haukubali. Tumerudi kwenye turubai. Kesho mchana tunaondoka. Nimekata tamaa, nimejikaza asione.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi watu wamepungua. Nikampeleka polepole. Kwa karibu basilika ni la duara, na paa lake linapanda na kuchongoka juu. Mama akasimama akalitazama sana. Akasema, hii ni nyumba ya msonge, kama ya bibi yake.

Tukafika mlangoni. Akasimama. Nilijua.

Akagonga fimbo chini. "Hodi."

Watu wakageuka. Nikamnong'oneza kwamba hapa watu huingia tu. Akanitazama kama mtoto asiye na adabu.

"Mtu haingii nyumba ya wenyewe kimya kimya kama mwizi. Hodi!"

Akasubiri. Nyuma yetu watu wanajaa. Mlinzi anakuja. Mimi jasho. Mama hasogei, anasubiri mwenye nyumba aitike, na angesubiri mpaka jioni. Ndipo nikaelewa kwamba miaka yote hii alikuwa amesimama hivi hivi. Kadi ya harusi ilipelekwa na wajumbe wa ukoo wa Gaspari. Mimi mwenyewe sikwenda kumwambia njoo. Nilidhani anajua.

Nikaingia ndani, nikamgeukia.

"Karibu, mama. Karibu ndani."

Akaingia. Hakupiga magoti. Alikaa kwenye benchi, akanishika mkono, akasali Kipare kwa muda mrefu. Nimesikia jina la Gaspari.

Jumapili, 8 Juni

Nyumbani. Baridi nzuri. Mama amekwenda kwao kusali, sisi kwetu. Maji aliyabeba kwenye chupa, wanawake wake wamegawana.

Mchana amepiga hodi, nikamkaribisha, akakaa. Akaomba picha za harusi yangu. Hakuwahi kuziuliza. Alizitazama moja moja, akiisogeza kila moja dirishani. Kwenye ile ya mlango wa kanisa alikaa sana.

"Aliyekufunga hii shela hakujua kazi," akasema. "Ningekufunga mimi."

Kisha akanyoosha mkono, akaniweka sawa kitambaa cha kichwani. Nikatulia mpaka alipomaliza.