Nilifunga kwa Ajili ya Divine

Jumatano, Cibitoke. Mvua ya alfajiri imekatika na milima ya Kongo imejitokeza ng'ambo ya mpaka, safi hadi unadhani ukinyoosha mkono utaigusa. Hewa ina harufu ya udongo. Asubuhi nimetembea kama sigusi chini. Leo nimeamka siku ya tatu sijala, wala sijanywa hata maji.

Naandika kwa penseli kwenye daftari. Jumamosi, barabara zikiwa shwari, nitayachapa haya kwenye blogu yangu, katika chumba cha intaneti mjini. Sijui ni nani huwa anasoma. Labda hakuna, na labda ndiyo maana naweza kusema ukweli.

Divine wangu ana miezi minne. Alizaliwa mdomo wa juu umepasuka mpaka ndani ya kaakaa, kwa hiyo hawezi kunyonya. Namkamulia maziwa yangu kwenye kikombe cha plastiki chenye maua mekundu, halafu namdondoshea kwa kijiko, nimemweka wima kidogo ili yasimpalie. Mlo mmoja unaweza kuchukua saa nzima. Siku nyingine risasi zinalia huko milimani, na yeye amekodoa macho tu akingoja kijiko kinachofuata.

Mwisho wa mwezi huu wanakuja madaktari wanaoshona midomo ya watoto. Wanakuja kwa ndege, vita ikiwaruhusu, na hakuna anayejua watarudi lini tena. Sharti lao ni moja: mtoto awe amefika kilo tano. Wiki iliyopita Divine alikuwa na kilo nne na gramu mia saba. Tulikuwa karibu kabisa.

Basi mama mkwe wangu, kiongozi wa akina mama wa maombi kanisani kwetu, akaitisha mfungo kwa ajili ya mjukuu wake. Siku tatu, mfungo mkavu, bila chakula wala maji. Mimi mama wa mtoto ningebakije nyuma? Hakuna aliyeniuliza kama naweza, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Na nikiri hapa: nilifurahi. Tangu Divine azaliwe, kuna wanaonong'ona kwamba lazima nilitenda jambo nikiwa na mimba. Nilitaka waone ninavyompenda mwanangu. Nilitaka Mungu naye aone.

Leo asubuhi nimempeleka zahanati apimwe. Muuguzi amemtundika kwenye mizani, ameangalia, amemshusha, amemtundika tena. Kilo nne na nusu.

Amepungua.

Nilirudi kwa miguu, Divine mgongoni, jua likicheza kwenye madimbwi, na kila kitu kikionekana kizuri na cha mbali. Mama mkwe aliposikia alisema Shetani anapigana nasi, kwa hiyo tuongeze siku tatu nyingine. Nilikubali hata kabla hajamaliza. Nilipokamua, maziwa hayakufika kwenye maua ya kikombe. Jumatatu yaliyapita. Nikasema hilo nalo ni jaribu.

Adhuhuri usingizi ukanichukua nimeketi mkekani. Nikamwona Divine amekuwa msichana wa miaka kumi hivi, amevaa gauni jeupe la kwaya, anaimba. Mdomo wake mzima. Wimbo haukuwa na maneno, na kadiri alivyoimba chumba kilijaa maji ya ziwa, ya uvuguvugu, tukaelea humo wote, hata viti, hata baba yake na buti zake za kazi, na hakuna aliyeogopa. Sikutaka kuamka. Nilipofumbua macho alikuwa anatafuna hewa na kulia kwa ile sauti yake ya puani.

Nikajua ni maono. Nikajua mfungo unajibiwa.

Nikatoka uani kumwaga maji ya kufulia, nikapepesuka, nikashika uzio. Upande wa pili Mama Zuhura alikuwa anaanika nguo. Ni jirani yetu, Mwislamu, mzaliwa wa mji huu, amelea watoto saba.

"We, uko mugonjwa?"

"Apana, Mama Zuhura. Nafunga. Tunafungia mutoto."

Akaiacha nguo kambani. "Na uyo mutoto yeye anakula nini?"

Nikainama kuokota beseni. Akasema kwa upole, "Sisi ku Ramadhani, mama mwenye kunyonyesha anaachiliwa. Atalipa siku zingine. Mungu anaweza kungoja. Mutoto ataweza?"

Nilikasirika, nisidanganye. Nilijiambia, huyu naye anataka kunifundisha kuomba! Nikaingia ndani, nikakiona kikombe mezani. Chakula nilichojinyima mimi, nilikuwa nimemnyima yeye. Jambo hilo angelijua hata mtoto wa shule, na mimi nimelipita siku tatu nikiimba. Nililia, na hata machozi yalikuwa machache.

Saa kumi akina mama walifika kwetu kwa maombi, wanane pamoja na mama mkwe. Nilikaa na Divine mapajani. Walipofumba macho nikasema, kabla woga haujaniwahi, "Mama, maziwa yangu yanakauka. Divine amepungua sababu nafunga."

Macho yote yakafumbuka. Naviogopa vizuizi vya askari, lakini macho yale niliyaogopa zaidi. Mmoja akaanza kusema kuhusu imani. Mama mkwe akainua mkono, yule mama akanyamaza. Kisha mama mkwe akainuka polepole, midomo imempasuka kwa kiu, akaenda jikoni. Tukasikia sufuria. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Alirudi na bakuli la igikoma, uji wa ulezi wanaopewa mama waliojifungua hapa kwetu, na sukari ameweka bila kupima. Akapiga magoti mbele yangu, yeye mtu mzima na magoti yake mabovu.

"Kunywa, mama Divine. Mi ndo nimekosa. Nimezaa sita, na nimesahau maziwa yanatoka wapi."

Nikasema, "Na zile siku tatu za kuongeza?"

"Zako mi nazibeba. Nitafunga zangu, kisha zako."

Wakaomba, na mimi nikanywa. Sijawahi kula katikati ya maombi. Uji ulikuwa wa moto, na nilisikia kila tone likishuka, na sauti zao zikipanda, na sikujua ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa linaniliza.

Jioni mume wangu amerudi kutoka karakana na ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Anachomelea milango ya chuma, na siku hizi kila mtu anataka mlango wa chuma. Nimekula mbele ya mama yake, nikiona haya. Nimemwomba mama anywe angalau maji. Amenisogezea sahani tu.

Maziwa bado hayajaongezeka. Mama Zuhura anasema nisubiri siku moja, mbili. Zimebaki siku kumi na nane na gramu mia tano, na sijui kama tutafika. Sijui kama ndoto ile ilitoka kwa Mungu au kwenye tumbo tupu.

Bwana, unisamehe. Kesho nikiamka, kabla sijapiga magoti, nitakula.