Nduma Ndani ya Msingi wa Kaka

Jumamosi, jioni. Kibirichia imekuwa na ukungu tangu asubuhi, ule wa kukulowesha kabla hujajua kama ni mvua. Mgongo unauma, kucha zimejaa udongo mweusi. Nina hasira na nina furaha, na sijui ni ipi imezidi.

Leo nimefukia msingi wa nyumba yangu mwenyewe.

Ngoja nieleze, nisije nikaonekana nimerukwa na akili. Kabla hajafariki, Baba alinigawia robo ekari hapa, sawa kabisa na ile aliyompa kaka yangu Mutwiri. Aliipima mbele ya wazee na hakuna aliyefungua mdomo. Nimefundisha miaka kumi na minne, miaka yote hiyo nikiishi nyumba ya kupanga kule Kaaga, na ni mwaka huu tu nimeweza kuleta mawe. Pa kujenga nilipachagua mwenyewe: juu, karibu na barabara, mlango ukitazama mlima. Fundi Kinoti akapiga vigingi, tukavuta kamba pamoja, nikarudi kazini.

Leo nimefika nikakuta mtaro wa msingi umeshachimbwa. Umenyooka, mzuri sana. Ila uko chini kabisa ya shamba, pale bondeni ambapo maji hutuama mpaka vyura wanahamia.

Kinoti hakuona shida yoyote. "Mzee alikuja Jumatano, Mwalimu. Akasema tuhamishe vigingi."

Nikamuuliza mzee gani.

"Si mzee wako? Yule wa Mombasa."

Hapa inabidi nikiri kitu, na kinaniaibisha. Siku ya kwanza kabisa Kinoti aliniuliza, "Mwenyewe anakuja lini?" Mimi nimesimama mbele yake, hati ya shamba iko ndani ya mkoba wangu, jina ni langu. Nikajibu kwamba mzee yuko Mombasa kikazi, atakuja.

Sina mzee Mombasa. Sina mzee popote. Ndoa yangu iliisha miaka tisa iliyopita na sijawahi kuililia.

Nilidanganya kwa sababu nilitaka simiti ichanganywe vizuri. Wengi wetu tunaojenga peke yetu huku tunafanya hivyo. Mwalimu mwenzangu mmoja alinifundisha hata kutundika koti la mwanamume kwenye kibanda cha vifaa, mafundi waone kuna mtu. Nikatundika la marehemu Baba. Sasa Kinoti aliponieleza gambuti za huyo mzee na sauti yake ya kuamrisha ng'ombe, nikajua ni Mutwiri. Fundi afanye nini? Nilikuwa nimeacha kiti wazi, kaka yangu akakikalia.

Nikampigia simu. Hata hakukana.

"Karimi, acha hasira. Msichana hajengi mbele ya barabara. Ukiolewa tena, hapo juu tutamwachia nani? Huko chini panakutosha."

Msichana! Nina miaka arobaini na miwili, na magoti yanayolia nikipanda ngazi.

Nikakata simu, nikakaa juu ya mawe yangu. Na hiki ndicho kinachoniuma kuliko yote: nilikaribia kukubali. Nilijiambia mtaro umeshachimbwa, familia ni amani, mambo ya kugombana yataniletea nini. Nikaanza kupanga vile nitainua msingi ili maji yasiingie ndani. Karibu robo saa nzima nilikuwa najenga kwa kichwa nyumba ambayo sikuitaka, kwa sababu tu mtu ameshaichimbia.

Ndipo Mama akaja, chupa ya chai mkono mmoja, jembe mkono mwingine. Mama anaishi kwa Mutwiri. Analala kwake, anakula kwake, na maisha yake yote sijamsikia akimpinga mwanawe. Akautazama mtaro, akauliza ni nani amechimba huku. Nikamwambia.

"Baba yako alikupa uchague," akasema kwa Kimeru chake cha polepole. "Nilikuwepo."

Akaiweka chupa chini, akajifunga leso kiunoni na kuanza kurudisha udongo ndani.

Jamani, nililia. Nililia kama mtoto, hapo hapo, mbele ya mafundi. Halafu nikapangusa uso, nikaenda kwenye kibanda, nikalitoa koti la Baba pale msumarini na kulivaa. Mikono yake inanifika kwenye vidole. Nikamwita Kinoti na vibarua wake wawili, na sikupunguza sauti, ingawa jirani alikuwa amesimama kwenye ua akijifanya anakatia mbuzi majani.

Nikawaambia hakuna mzee. Hajawahi kuwepo. Koti ni la baba yangu, shamba ni langu, na kigingi hapa kinang'olewa na mimi peke yangu.

Kinoti akajipangusa udongo mikononi.

"Sasa si ungesema tu, Mwalimu," akasema, na akaenda kuchukua kamba.

Mchana wote wao wamechimba juu, sisi wawili tukafukia chini. Mtaro ulipofika nusu, Mama akanizuia. Akasema unyevu kama huu hautupwi. Akatokomea kuelekea mtoni, nyuma ya boma la Mutwiri, akarudi na miche ya nduma imejaa ndoo. Tukaipanda humo humo kwenye mtaro, mstari mmoja, kona nne, vyumba viwili na sebule. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Saa kumi Mutwiri mwenyewe akasimama barabarani. Aliangalia vigingi vya juu, akaangalia chini.

"Mama, unafanya nini huko?"

"Napanda nduma," Mama akajibu bila kuinua kichwa. "Umenichimbia vizuri."

Mutwiri akageuka, akaenda zake. Sijui atamwambia nini Mama usiku huu, na hilo linanisumbua. Nilimwomba aje alale nami kibandani akakataa, eti yeye hakimbii nyumba ya mtoto aliyemzaa.

Kesho kanisani watakuwa wameshasikia wote kwamba Mwalimu Karimi hana mzee Mombasa. Wasikie. Nitaenda na hili koti, na Jumatatu mawe yanapangwa, juu.

Nduma zikikomaa nitazichemsha na kumwita kaka yangu aje kula. Apande hadi huku juu, abishe mlango wangu unaotazama mlima. Na akiuliza mwenyewe yuko wapi, nitakuwa nimeshamfungulia.